Ushauri: Mjusi wa mwanangu hajapata choo siku 9

Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Mombasa, lakini sasa tunaishi St. Paul, Minnesota. Mwezi wa kumi mjomba wa watoto alimnunulia kijana wangu wa miaka 11 mjusi, wale wa Australia wenye miba chini ya kidevu. Kijana amemwita Ndevu na anampenda kupita kiasi. Sasa Ndevu ana kama miezi mitano. Dukani tulipewa tangi la kioo, mchanga mwekundu walioniambia una kalsiamu ndani, taa moja nyekundu ya joto na kopo la mabuu makubwa. Tumeliweka tangi dirishani ili apate jua.

Leo ni siku ya 9 hajapata choo. Kuna vijipande vyeupe tu anavyotoa. Tumbo limejaa, anatembea limegusa chini, na siku nne hizi hataki kula. Jana nimemwogesha kwenye sinki la jikoni kwa maji ya uvuguvugu, hakikutoka kitu. Mama mkwe ananiambia kwa simu nimpe mafuta ya nyonyo. Rafiki wa kijana anasema wampige maji kwa sindano isiyo na ncha. Baba watoto anasema daktari wa wanyama hapa atadai pesa kuliko bei ya mjusi mwenyewe, na huenda analala tu kwa sababu ya baridi. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka miwili na naye anapenda kumshika. Nifanye nini?

Mama wa watatu, St. Paul

* * *

Kabla hujaendelea kusoma, piga simu utafute miadi ya leo au kesho asubuhi. Mjusi wa umri huo, akila vizuri na akipata joto lake, hupata choo karibu kila siku, au siku moja baada ya nyingine. Siku 9, tumbo limejaa na chakula hakitaki: huyo si wa kungojewa. Yaliyobaki utayasoma ukiwa unasubiri kupigiwa.

Ukipiga, usiulize tu kama wanatibu wanyama. Kliniki nyingi hutibu mbwa na paka, basi. Uliza kama wana daktari anayetibu mijusi na nyoka. Kuna chama cha madaktari wa wanyama hao, Association of Reptilian and Amphibian Veterinarians, maarufu kwa kifupi ARAV, ambacho huweka orodha ya wanachama wake mtandaoni. Nawe una bahati ya mahali: hospitali ya wanyama ya University of Minnesota iko hapo hapo St. Paul. Hata wasipoweza kumwona wenyewe, waombe wakuelekeze.

Na iwapo usiku wa leo utamwona anaburuza miguu ya nyuma, anatapika, anatoa damu, au kuna nyama nyekundu imechomoza kwenye tundu la haja, usingoje miadi. Hiyo ni ya kwenda kwenye zamu ya dharura. Nyama ikichomoza usiirudishe kwa kidole. Ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya sukari, isikauke na isizidi kuvimba, kisha mtoke. Kuachama mdomo akiwa chini ya taa si tatizo, ndivyo wanavyojipoza. Kuachama akiwa mahali pa baridi ndiko kunakonitia wasiwasi.

Hivyo vijipande vyeupe si choo, mama. Ni mkojo. Mijusi hawa hubana maji, kwa hiyo uchafu wa figo hutoka ukiwa mzito na mweupe. Ukiwa laini ni heri. Ukiwa wa njano na mgumu kama chaki, mwili umekaukiwa, na matumbo yaliyokauka hayasukumi kitu. Mwangalie leo, kisha umweleze daktari ulichokiona.

Sasa baba watoto na swali lake la usingizi. Lina msingi. Mijusi hawa wakishakuwa wakubwa hupunguza kula na kulala wiki nyingi majira ya baridi, na wakati huo choo nacho hukatika. Lakini Ndevu bado mtoto, na anayelala usingizi wa baridi hulala tumbo likiwa tupu. Hatembei na tumbo linalogusa sakafu. Kwa wasomaji wengine wenye jike mzima: tumbo likijaa ghafla naye akachimba kila pembe, fikirieni mayai kwanza. Jike hutaga hata kama hajawahi kumwona dume, na mayai yakikwama ni hatari vilevile.

Nikija kwenye kiini, watu wengi wakisikia mjusi ameziba hulaumu mchanga peke yake. Mchanga una hatia yake, nitaufikia. Lakini katika barua yako kilichonishtua zaidi ni taa nyekundu moja na tangi lililo dirishani, Minnesota, mwezi wa kwanza. Ndevu ana baridi, na nadhani amekuwa na baridi tangu aingie nyumbani kwako.

Mjusi hana joto lake mwenyewe. Huazima la jua na la jiwe. Kama umewahi kufika Mwanza au Serengeti utakuwa umewaona wale mijusi wenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu juu ya majabali. Asubuhi hutoka mwambani, hujibandika tumbo juu ya jiwe na kutulia mpaka mwili upate moto, ndipo waanze kuwinda. Wakishakula hurudi jiweni. Ndevu ni wa ukoo mmoja na hao, ingawa makazi yake ya asili ni nyika kavu ya katikati ya Australia. Joto ndilo linaloamsha vimeng'enya vya tumbo na kuyafanya matumbo yasukume. Chakula ndani ya mjusi aliyepoa ni maharage kwenye sufuria iliyotiwa jikoni bila moto: kimekaa, hakiivi, na mwisho kinachacha.

Kwa hiyo leo hii nunua kile kipimajoto chenye umbo la bastola, kinachopima kwa mwale. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi si ghali. Usitegemee kile cha duara kilichobandikwa kwenye kioo, hicho hukueleza joto la kioo. Elekeza mwale juu ya jiwe au gogo, pale pale tumbo lake linapolala. Panatakiwa pasome kati ya 38 na 42 kwa selsiasi, ambazo kwenye kipimo cha Marekani ni kama 100 hadi 107. Upande wa pili wa tangi uwe 24 hadi 29, yaani 75 hadi 85, apate pa kukimbilia akizidiwa. Kama pale anapoota hapafiki 38, ongeza nguvu ya taa au isogeze karibu, ukipima kila mara, maana kumuunguza nako ni rahisi. Taa iwe nyeupe yenye mwanga mkali, iwake saa 12 kutwa. Nyekundu haimsaidii kitu. Usiku izimwe. Kama nyumba yenu hushuka chini ya 18 usiku, kuna taa za kauri zinazotoa joto bila mwanga. Mawe yanayopashwa kwa umeme usiyanunue kabisa. Huchoma tumbo naye hatambui mapema.

Dirishani muondoe leo. Kioo huzuia ile miale ya jua inayoitwa UVB, kwa hiyo jua la dirishani humpa mwanga tu, na kioo cha Januari kinamvuta joto usiku kucha. Miale hiyo ndiyo humwezesha kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula humpita bure. Kalsiamu ikipungua, mifupa hulainika, na misuli hulegea. Matumbo ni misuli pia. Ndiyo maana mjusi asiye na taa ya UVB huziba hata kwa chakula ambacho mwenzake angekipitisha bila shida. Barua yako imetaja taa moja tu, ya joto. Inahitajika ya pili, ile ndefu ya mirija iliyoandikwa UVB, inayofunika zaidi ya nusu ya urefu wa tangi. Wavu wenye matundu madogo hupunguza miale, kwa hiyo soma maelezo ya taa kuhusu umbali. Hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kufuatana na aina, hata kama bado inawaka, kwa sababu miale huisha kabla ya mwanga.

Haya, mchanga. Porini mijusi hawa humeza vumbi na punje kidogo pamoja na wadudu na huzipitisha, wakiwa na joto la kutosha, maji ya kutosha na nguvu ya kutosha. Ardhi yao kwa sehemu kubwa ni udongo mkavu ulioshikana, si mchanga laini unaomiminika wa rangi. Huo wenye kalsiamu ndio siupendi hata kidogo. Umenadiwa kuwa hauna madhara kwa sababu unaliwa, lakini mjusi mwenye upungufu wa kalsiamu huulamba makusudi, na tumboni hukusanyika ukawa bonge. Utoe wote, hata ulio chini ya gogo. Tandika karatasi za kufutia jikoni leo, au gazeti, ambazo pia zitakuonyesha choo kikitoka. Baadaye utaweka vigae vya sakafuni. Hutunza joto vizuri na humsagia kucha. Maganda ya jozi yaliyosagwa na vipande vya magunzi, ambavyo nadhani dukani vipo pia, usivilete.

Baada ya kuondoa mchanga na kupata joto sahihi, mwache aote saa nzima. Kisha umwogeshe, lakini si kwenye sinki la jikoni, nalo nitalieleza. Tafuta beseni lake mwenyewe. Maji yawe ya 32 hadi 35, kwa kipimo cha huko 90 hadi 95, yafike kwenye mabega yake tu, kichwa kiwe juu bila kujitahidi. Dakika 20 au 30, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo mbali naye yasipoe. Usimwache hata kwenda kufungua mlango. Mjusi dhaifu huzama. Akiwa ndani, weka kidole chini ya tumbo na upapase polepole kutoka kwenye mbavu kwenda nyuma, kwa uzito ule ule unaotumia kugusa jicho lako lililofumbwa. Ukikuta kitu kigumu, acha kupapasa. Usikikande. Mkaushe vizuri na umrudishe chini ya taa. Maji yenyewe hayaondoi kizuizi, lakini joto na kulowa huweza kuamsha matumbo, na wengi hupata choo wakiwa ndani ya beseni. Unaweza kurudia kesho asubuhi kabla ya safari.

Wadudu simamisha, wote, mpaka daktari aseme. Kumwongezea chakula juu ya kilichokwama ni kumuumiza. Akikubali mwenyewe kulamba boga lililochemshwa na kupondwa, bila sukari wala viungo, mpe kidogo. Akikataa mwache.

Mama mkwe wako anasema kwa mapenzi, na nyonyo imetumika pwani kwetu vizazi na vizazi. Mwambie nimemsikia na namheshimu, ila kwa mjusi huyu hapana. Nyonyo hufanya kazi kwa kuyachokoza matumbo yajikaze kwa nguvu. Yakijikaza mbele ya kitu kilichoziba, yanaweza kupasuka. Na hatari ya pili ni mafuta yoyote yanayomiminwa mdomoni, hata ya zeituni au yale ya watoto. Fungua mdomo wa mjusi utaona tundu la pumzi liko hapo mbele, kwenye sakafu ya mdomo, karibu na ulimi. Ni rahisi mno mafuta yakaingia kwenye mapafu, na nimonia ya mafuta ni ngumu kuitibu kuliko choo. Dawa za kuharisha za binadamu zilizo kabatini nazo ziache kabatini.

Rafiki wa kijana hajakosea kabisa: kuingiziwa maji kwa nyuma ni tiba ya kweli, nami ninaitumia. Lakini ukuta wa utumbo wake ni mwembamba kiasi kwamba ncha ya plastiki ikiteleza kidogo hutoboa. Na tundu hilo la haja ni njia ya mkojo na ya uzazi pia, asiyejua huenda akaingia kusiko. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Kliniki wataanza kwa kumpapasa na kumpiga picha ya eksirei. Mchanga huonekana mweupe kama mfupa, kwa hiyo daktari ataona upo wapi na ni mwingi kiasi gani, na picha hiyo hiyo itamwonyesha kama mifupa imekonda. Chukua na choo chake cha mwisho kama kipo bado, hata kikavu, wakipime minyoo na vijidudu vingine vya tumboni. Mjusi mwenye minyoo mingi hufanana sana na aliyeziba. Kisha huwa ni maji ya vuguvugu chini ya ngozi au tumboni, kalsiamu kama imepungua, dawa ya kulainisha choo, na kuoshwa utumbo kwa mrija. Wengi wanaofikishwa mapema huishia hapo. Upasuaji huja pale bonge linapogoma kusogea, na ni mzito kwa kiumbe mdogo hivyo, siwezi kukuficha.

Kuhusu pesa, mwambie baba watoto hivi: gharama kubwa ni ya upasuaji, na kila siku mnayosubiri inasogea huko. Ukifika, sema wazi bajeti yenu kabla ya kuanza, uombe makadirio ya maandishi ya hatua ya kwanza peke yake, yaani kumwona, picha na maji. Hakuna daktari mwenye akili atakayekudharau kwa hilo. Na kijana wenu ndiye aliyehesabu siku hizo 9, sivyo? Mtoto anayekagua choo cha mnyama wake kila asubuhi ameshakuwa mlezi. Bei ya dukani haipimi hilo.

Njiani, kwa baridi yenu, washa gari lipate joto kwanza. Mweke kwenye kiboksi chenye taulo, na pembeni chupa ya maji ya moto iliyozongwa kitambaa, isimguse mwili. Funika boksi kutoka mlangoni hadi garini.

Sasa sinki na huyo mdogo wa miaka miwili. Mijusi, hata wenye afya kabisa, hubeba bakteria wa salmonela matumboni na kwenye ngozi bila kuugua. Nchini Marekani idara ya afya ya taifa, CDC, imeshafuatilia milipuko ya salmonela iliyotokana na mijusi wa aina hii hii ya Ndevu, na ushauri wake ni kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano haifai kufuga reptilia. Hampo tayari kumtoa Ndevu, naelewa. Basi mdogo asimshike kabisa, wala asimbusu, wala asicheze kwenye zulia alilotambalia Ndevu. Sinki la jikoni lisafishe leo kwa maji ya moto na sabuni, kisha dawa ya klorini, na vyombo vilivyokuwa karibu vioshwe upya. Beseni la Ndevu liwe lake daima, maji yake yamwagwe chooni. Kijana aoshe mikono kwa sabuni kila akimgusa, na nawe vilevile. Mdogo akiharisha na kupata homa, mwambie daktari wake kwamba mna mjusi.

Chakula, akishapona, hakina maneno mengi. Mdudu asizidi upana ulio kati ya macho yake mawili. Hayo mabuu makubwa yalikuwa makubwa mno kwa mtoto, tena yana gamba gumu. Yaache mpaka awe mzima, na hata hapo yawe kidogo. Mpe nyenje wadogo, mende wa kufugwa, au funza wa wale nzi weusi wanaofugwa siku hizi kwa chakula cha kuku, ambao wana kalsiamu nyingi na ngozi laini. Wapake unga wa kalsiamu kwa umri huu karibu kila mlo. Wadudu wa kuokota nje kiangazi msimpe, hasa vimulimuli: hata mmoja huweza kumuua. Mboga za majani kila siku, na huko sukuma wiki mnaipata madukani kwa jina lingine, mnaijua kwa sura. Hiyo ni nzuri. Spinachi iwe mara chache, inazuia kalsiamu. Parachichi kamwe. Mlo wa mwisho uwe saa mbili kabla ya taa kuzimwa, ili asilale na tumbo bichi.

Choo kikitoka, kiangalie kabla hujakitupa. Kama kina punje za mchanga, tarajia nyingine siku zinazofuata, endelea na beseni kila siku na usirudishe wadudu kwa pupa: mboga laini na boga siku mbili tatu, halafu wadudu wadogo wachache. Kijana aandike kwenye daftari tarehe, alichokula, choo, na uzito wake kwa mizani ya jikoni ambayo kuanzia leo itakuwa ya Ndevu peke yake. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, mrudisheni kwa daktari na daftari hilo mkononi.